Kuhama na Kuhamia

Mimi ni mtu wa maneno. Kazi hii sikufundishwa na chuo chochote. Skuli niliiacha nikiwa Kidato cha Pili, na Kiingereza nilijisomesha mwenyewe usiku, baada ya ukarani wa duka wa mchana, kwa kamusi kuukuu ya Johnson, ile iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1939, ambayo kurasa zake za mwanzo na za mwisho zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa. Kwa muda mrefu nikidhani kwamba hakuna neno lililo upande mmoja wa ukuta ambalo sitaweza kulipitisha upande wa pili. Mwaka 2013 ndipo nilipotambua kwamba nyumbani kwangu mwenyewe, kwa Kiswahili kile kile tunachokisema sote, nilikuwa nikishindwa kumfikishia mtu mmoja ujumbe mmoja. Mtu huyo ni mke wangu, na ujumbe wenyewe ulikuwa huu: twende tukaishi Pemba.

Siyaandiki haya kwa kujisifu kwamba hatimaye alikubali, kwani msomaji ataona mwishowe kuwa ushindi haukuwa wangu. Nayaandika kwa sababu katika visiwa vyetu watu wanahama kila siku, Pemba kwenda Unguja, Unguja kwenda Dar es Salaam, Dar es Salaam kwenda Maskati. Na mara nyingi katika nyumba inayohama huwapo mmoja aliyeamua na mwengine aliyeambiwa. Mimi nilikuwa yule aliyeamua.

Asili yangu ni Pemba, upande wa Wete. Nilivuka kuja Unguja nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kutafuta kazi, kama walivyovuka wengi wa rika langu. Mke wangu ni mtu wa Ng'ambo, mjini Unguja, mtoto wa mtu wa Ng'ambo. Tulioana mwaka 1996. Hadi wakati ninaouzungumzia tulikuwa na watoto watatu: binti aliyekuwa Kidato cha Pili, mvulana wa darasa la tano, na mdogo wao wa kike aliyekuwa na miaka mitano. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili na ua. Uani hapo mke wangu alikuwa akidarizi kofia. Kofia moja ya mkono humchukua mshonaji wiki nyingi, tundu baada ya tundu, na yeye alikuwa na wateja wake wa miaka mingi waliokuwa tayari kungoja. Fedha za kofia zilitutoa katika dhiki mara nyingi. Fedha za mashairi hazikuwahi kututoa hata mara moja.

Ng'ambo ya pili ya bahari alikuwapo mama yangu, mjane, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba pembeni mwa shamba la mikarafuu. Mdogo wangu, aliyekuwa akimtazama, alipata kazi Maskati mwanzoni mwa mwaka 2013 akaondoka. Mwezi wa Mei mama akateleza kisimani akavunjika mguu. Alipona kwa kiasi cha kutembea kwa mkongojo, lakini si kwa kiasi cha kuishi peke yake.

Nilivuka kwenda kumuona. Nikiwa nimeketi pembeni mwa kitanda chake, na wazee wawili wa ukoo wakiwa hapo, nilitamka kwa sauti ya mtoto mwema: "Nitarudi na watu wangu wote kabla mwaka ujao haujashika kasi." Wazee wakaniombea dua. Hakuna aliyeniuliza kama hao watu wangu wote wana habari hiyo. Nami sikujiuliza. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na makosa yote yaliyofuata yalizaliwa humo. Kwani tangu siku ile kila nilichomwambia mke wangu kilivaa nguo ya shauri, ilhali mwili wake ulikuwa amri. Nilikuwa nikitafuta ridhaa ya jambo lililokwisha kuamuliwa.

Niliporudi Unguja nilianza hotuba. Ndiyo, ziite hotuba, maana nilizitayarisha. Nilimwambia kwamba kodi ya nyumba mjini inapanda, na kule tuna nyumba yetu. Nilimwambia kwamba kazi ya tafsiri inafanyika popote penye meza na umeme. Aliposema kwamba Pemba ni kiza, nilimkumbusha kuwa tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme wa Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na kwamba waliokaa gizani miezi mitatu mfululizo, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, walikuwa ni watu wa Unguja, naye akiwa mmoja wao, akidarizi kwa kibatari. Alicheka, akakiri. Nikadhani nimepata pointi. Nikaendelea kumwambia kwamba kule ni nchi ya Kamange na Sarahani, malenga wasiokuwa na mfano, na kwamba mshairi akikaa huko ushairi humjia wenyewe.

"Na Kamange atatulisha?" aliniuliza.

Kila hoja niliyoileta aliisikiliza kwa adabu, kisha akaiweka pembeni kama mtu anayeweka kando nguo zisizomtosha. Yeye alikuwa na mambo matatu tu, na hakuyapamba. La kwanza lilikuwa binti yetu mkubwa, aliyebakiwa na miaka miwili kufanya mtihani wa Kidato cha Nne. La pili lilikuwa wateja wake, na wanawake wenzake wa mtaani ambao alikuwa akicheza nao upatu kwa miaka kumi na mbili bila ya yeyote kumdhulumu mwenziwe. Watu kama hao, alisema, hawapatikani kwa kuhamisha samani.

La tatu lilikuwa bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba, imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Mamia walifariki, na wengine hawakuonekana hadi leo. Miongoni mwao alikuwamo shoga yake, waliyekua naye mlango kwa mlango. Mwaka uliofuata, Julai 2012, meli nyengine, Skagit, ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Tangu hapo mke wangu hakupanda chombo chochote. Nami, nikiwa mume mwenye haraka, nilimjibu kwa kumwambia kwamba ajali ni kudra na kwamba hata barabarani watu hufa. Maneno yale yalikuwa kweli tupu na hayakuwa na faida yoyote. Mtu aliyekutajia jina la maiti wake hakukuomba umfanyie hesabu.

Usiku mmoja, mwezi wa Juni, nilimletea hoja ya historia. Nilimsimulia habari za tufani ya mwaka 1872, iliyoangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, na jinsi wenye mashamba walivyoigeukia Pemba kwa nguvu zote, hata ikawa ndiyo mama wa karafuu za ulimwengu. "Unaona," nikamalizia, "hata zamani watu wa Unguja walihamia Pemba, wakapata maisha."

Aliiweka kofia mapajani. "Hao walioipanda na kuichuma hiyo mikarafuu," alisema, "walihamia, au walihamishwa?"

Sikuwa na jibu. Sote tunajua mikono iliyofanya kazi katika mashamba yale ilikuwa ya nani, na kwamba utumwa haukuondolewa katika sheria za visiwa hivi hadi mwaka 1897. Hakusema kwamba yeye ni mtumwa, wala kwamba mimi ni bwana shamba. Hakuwa mtu wa kukuza mambo. Aliuliza kitenzi tu. Lakini mimi, ninayejidai kuvijua vitenzi, nilikesha usiku ule nikikigeuza kimoja. Kuhama ni kutoka mahali. Kitenzi hicho kinatazama nyuma, kwenye mlango unaofungwa. Kuhamia ni kufika mahali. Kinatazama mbele, na hakikamiliki mpaka useme ni wapi unakokwenda na utakuwa nani ukifika. Kuhamisha ni jambo analolifanya mtu juu ya mwengine. Kwa majuma sita nilikuwa nikisema "tuhamie", naye masikio yake yalikuwa yakisikia "nikuhamishe". Na masikio yake yalikuwa sawa.

Ungedhani baada ya usiku ule nilijirekebisha. La hasha! Mtu hujua kosa lake mapema sana kuliko anavyoliacha. Nilichokifanya mwezi uliofuata ndicho kinachonifanya niandike.

Mama yangu alikuwa mzito wa kusikia, na simu kwake ilikuwa kelele tu. Habari zote baina yake na mkwewe zilipitia kwangu. Nilipokwenda kumuona mwezi wa Julai, alinituma maneno. Nakumbuka alivyoyatamka, polepole, akiwa ameushika mkongojo kwa mikono miwili: "Mwambie mwanangu, miye namtaka aje. Lakini asije kwa kunionea huruma. Huruma haikai na mtu mwaka mzima. Na aje kwanza atazame. Akiona hapana maisha yake hapa, arudi kwake, na miye sitakuwa na kinyongo naye."

Nilivuka na maneno hayo kifuani. Kufika nyumbani nikamwambia mke wangu: "Mama anasema anakutaka uje."

Nukta ile niliiweka mimi. Sikudanganya, kila neno nililolisema mama alikuwa amelisema. Lakini niliyaacha yaliyobaki kwa sababu niliona yanaidhoofisha kesi yangu. Niliogopa kwamba mwanamke akipewa njia ya kurudi ataanza safari kwa kurudi. Mimi ambaye nimewahi kukaa siku tatu juu ya sentensi moja ya mtunzi wa kigeni nisiyemjua, nisimpunguzie hata koma, nilimkata mama yangu mzazi katikati ya kauli yake.

Mke wangu alinyamaza. Kwa mwezi mzima hatukulitaja jambo lile. Kisha, Septemba, akanambia: "Nitakwenda mwenyewe nikamuone. Usinipeleke. Wewe baki na hawa wakubwa, wana skuli."

Alipanda boti ya asubuhi, akiwa na mdogo wetu mkononi. Nilisimama bandarini nikimtazama alivyoshika ule ubao wa kupandia, vidole vimekakamaa, macho hayaangalii maji. Hapo ndipo nilipofahamu, kwa kuchelewa, kwamba khofu yake haikuwa hoja ya kujibiwa. Ilikuwa ni mzigo, na alikuwa akiubeba mbele yangu bila ya kunitaka msaada. Alikaa Pemba siku tisa.

Aliporudi hakusema kitu siku tatu. Alipika, aliwauliza watoto habari za skuli, alikaa na sindano yake. Usiku wa nne, watoto wakiwa wamelala, alisema kwa sauti ya chini:

"Baba watoto, siku zote nikijua kwamba unazidisha maneno. Sikujua kama unayapunguza pia."

Nilijua pale pale anazungumzia nini. Mama alikuwa amemuuliza kama alipata salamu zake, na alipoona mkwewe anashangaa, alizirudia zote, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Ungeniletea yote tangu mwezi wa Julai," aliendelea, "pengine sasa hivi ningekuwa nafunga mizigo. Neno lililonifungulia mlango ndilo ulilolificha."

Sikujitetea. Nilimwambia na lile la kwanza: kwamba niliahidi mbele ya wazee kabla ya kumuuliza. Alisema hilo alilijua tangu Juni, kwani wazee wa Pemba wana jamaa Ng'ambo, na habari huvuka bila ya kukata tiketi. Alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe.

Tulikaa mpaka alfajiri, na kwa mara ya kwanza tulizungumza kama watu wawili wanaotafuta kitu kimoja kilichopotea. Alitoa masharti yake, nami nikayaandika katika daftari ninaloandikia mashairi. Binti mkubwa atabaki Unguja kwa mama yake mdogo mpaka amalize Kidato cha Nne. Chumba cha mbele cha nyumba ya Pemba, chenye dirisha linalotazama mashariki, kitakuwa chake cha kazi, si changu. Tutakaa mwaka mmoja, kisha nitamuuliza, na jibu lake ndilo litakalofuatwa. Sharti la mwisho lilikuwa fupi: "Kati yangu na mama usiwe mkalimani tena. Mimi na yeye tutasikilizana." Niliuliza watasikilizana vipi na mama hasikii. Akasema: "Nitakaa karibu."

Tulivuka Januari 2014, mwanzo wa mwaka wa skuli, kwa boti ya mchana, siku aliyoichagua yeye kwa kuwauliza wavuvi hali ya upepo.

Sitaki msomaji adhani kwamba tulifika peponi. Mwaka ule wa kwanza ulikuwa mgumu. Maji tulikuwa tukiyachota kisimani. Wanawake wa pale walimwita "mgeni wa mjini", kwa wema lakini kwa kumkumbusha. Wakati huo ilikuwa ni miaka michache tu tangu kura ya maoni ya Julai 2010 iliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na watu wa visiwa viwili hivi walikuwa wakijifunza upya kusemezana bila ya kuulizana kwanza mtu ni wa upande gani. Usiku wa upepo mkali nilimsikia akiamka kwenda kusimama dirishani. Mvulana wetu alipigana skuli mara mbili kwa sababu ya lafudhi yake.

Kilichomfungulia mji ni karafuu. Msimu ulipofika, zikawa zinaletwa jioni kutoka shambani zikiwa bado kwenye vikonyo vyake, na wanawake na watoto wakakaa ukumbini kuzichambua, karafuu huku, makonyo kule, mpaka usiku mwingi. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi haingoji. Vidole vya mke wangu, vilivyozoea matundu ya kofia, vilikuwa vyepesi kupita vya wenyeji. Usiku wa tatu mzee mmoja wa kike aliviangalia akasema: "Huyu si mgeni, huyu amecheleweshwa tu." Kabla msimu haujaisha, na karafuu hazijapelekwa zote kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa, alikuwa na upatu mpya wa wanawake wanane. Kofia zake zilikuwa zikipelekwa mjini na abiria wa boti kwa wateja wale wale wa zamani, ambao waliendelea kungoja kama walivyozoea.

Na mama? Yeye na mkwewe walikuwa wakikaa bega kwa bega kwenye jamvi la kuanikia, mdomo wa mmoja karibu na sikio la mwenziwe, wakizungumza mambo ambayo mimi sikuambiwa na sikuuliza. Mara nyengine nilisikia wakicheka, na nilipotokea wakanyamaza. Nilikuwa mtafsiri aliyefukuzwa kazi, na sijawahi kufurahia kufukuzwa kiasi kile.

Januari 2015 nilitimiza sharti. Nilimuuliza. Akajibu: "Bado natazama." Sikumuuliza tena mwaka ule, wala uliofuata.

Lakini iko gharama, na si haki kuifuta. Binti yetu mkubwa alifaulu mtihani wake akiwa Unguja, akaendelea na masomo huko huko, akaolewa huko huko. Hutujia wakati wa sikukuu, na hukaa katika nyumba ile kama mgeni mwenye adabu. Huuliza vikombe vinawekwa wapi. Mama yake hunyamaza kila anapomsikia akiuliza hivyo. Mwaka tuliohama tulikuwa watu watano, na tuliofika ni wanne. Hilo sikuliweka katika hotuba yoyote, kwa sababu sikulijua. Na hata kama ningelijua, kwa nilivyokuwa wakati ule, ningeliacha nje.

Mama yangu alifariki mwaka 2018, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkwewe. Baada ya watu kutawanyika na majamvi ya msiba kukunjwa, nilifikiri kwa siku nyingi. Sababu iliyotuleta Pemba ilikuwa imekwisha. Nilikumbuka wateja wake, mtaa wake, dada yake, binti yetu, na nikaona kwamba safari hii ni zamu yangu kuambiwa. Usiku mmoja, akiwa chumbani kwake mbele ya dirisha la mashariki, nilisimama mlangoni nikamwambia kila kitu bila ya kuongeza wala kupunguza: kwamba deni la mama limekwisha, kwamba sina ahadi na mzee yeyote, kwamba mimi napenda kubaki lakini naweza kuishi kokote atakako. Kisha nikauliza: "Mama watoto, tuhame?"

Hakuinua macho kutoka kwenye kofia. Alivuta uzi mpaka ukanyooka, akaukata kwa meno.

"Tuhamie wapi?" alisema.